Mama Kona Aenda Likizo

Mikono yake ndiyo iliyotangulia kuamka. Yeye mwenyewe bado alikuwa anaelea kati ya ndoto na mwanga wa asubuhi, lakini mikono tayari ilikuwa imeshika ncha ya shuka, imeinua godoro, imekunja kona kama bahasha na kuichomeka chini kwa pigo moja la kiganja. Alipozinduka sawasawa alijikuta amepiga magoti sakafuni. Juu ya kitanda alichokuwa anakitandika, mumewe alikuwa bado amelala.

"Mama watoto," mumewe alisema bila kufumbua macho, "umenifunga kama kifurushi cha posta."

Mama watoto akachomoa shuka upesi, akarudi kitandani na kujifunika gubigubi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya likizo, nao walikuwa wageni hotelini.

Kazini kwake, katika hoteli kubwa ya mjini, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vyumba. Mbele yake wafanyakazi walimwita Mama. Nyuma yake walimwita Mama Kona, kwa sababu hakuna chumba alichokipitisha kabla hajainama na kuvuta kona za kitanda, zote nne, na kona iliyolegea ilimaanisha kitanda kizima kinavuliwa na kutandikwa upya. Jina hilo alilijua siku nyingi. Alijifanya hajalisikia, lakini moyoni lilimpendeza kuliko cheo chake.

Likizo iliyopita aliimaliza na simu sikioni, akieleza ufunguo wa stoo ya mashuka uko wapi, sabuni ipi ni ya mazulia, mgeni gani hapendi mito ya manyoya. Mumewe alikula chakula cha jioni akitazamana na kiti kitupu. Safari hii, kabla hawajafunga mizigo, alimwambia jambo moja tu, tena kwa upole, na huo upole ndio uliomtia mkewe baridi. Alisema hana nia ya kugombana. Ila na hii ikiharibika, kuanzia mwakani kila mtu achukue likizo yake kivyake. Yeye atakwenda na kaka yake, ambaye angalau anajua kulala. Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka.

Mke aliapa. Wiki nzima hagusi kazi. Akamkabidhi simu kwa mkono wake mwenyewe, na mumewe akaitumbukiza ndani ya soksi, akaifunga fundo na kuizika chini ya begi.

Simu iliingia soksini. Mikono ndiyo haikuwa na pa kuingia.

Si kwamba mumewe naye alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwalimu wa udereva, na ndani ya basi lililowaleta katika mji huu mdogo wa milimani, kila dereva alipokaribia kona, mguu wa kulia wa mwalimu huyu ulikandamiza sakafu kana kwamba breki iko pale. Mkewe aliona, akanyamaza. Silaha kama hiyo haifai kutumiwa mapema.

Asubuhi hiyo mumewe alitangulia kwenda kunywa chai. Mkewe alisema anakuja, ananawa mikono tu. Alinawa kweli. Kisha akajikausha, na taulo likiwa mkononi, angelirudishaje bila kulikunja? Alipokunja la kwanza la pili likaonekana ovyo. Baada ya mataulo ikawa zamu ya kitanda. Baada ya kitanda ikawa zamu ya mito, ambayo aliigeuza ili midomo ya foronya isiutazame mlango, kwa sababu mgeni anapoingia hatakiwi kuona mshono. Mwishowe, bila kufikiri, akasimama kwenye vidole vya miguu na kupitisha kidole chake cha shahada juu ya fremu ya mlango. Akakitazama. Kilikuwa na vumbi.

Hapo ndipo alipomwona mhudumu wa vyumba. Mwanamke mtu mzima, mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, ameshika toroli lake la usafi kama mtu aliyeshika usukani wa gari lililokatika breki. Hoteli nzima ilimwita Shangazi, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini. Shangazi alikitazama kidole. Akakitazama kitanda. Akazitazama foronya.

"Usijali, dada," Mama Kona alimwambia, akijifuta kidole kwenye gauni. "Humu nimeshamaliza." Akatabasamu lile tabasamu lake la kazini, ambalo wafanyakazi wake waliliogopa kuliko kufokewa.

Kuanzia saa hiyo mume na mke hawakupumua. Kabla ya chakula cha mchana mataulo yalikuwa yamebadilishwa, na baada ya chakula yakabadilishwa tena. Ua likaletwa mezani, halafu likaletwa ua kubwa zaidi kuja kuliondoa lile la kwanza. Mumewe alipojinyoosha apate usingizi wa mchana, mtu alipanda ngazi nje ya dirisha lao akaanza kusugua taa. Hodi zikawa haziishi: kama mito inatosha, kama maji yana moto, kama ndege wanaoimba asubuhi hawawasumbui, maana wanaweza kufukuzwa. Jioni meneja mwenyewe alikuja mezani kwao amefunga tai na kubaki amesimama, mikono nyuma, akiwatazama wanavyokunywa supu. Supu yenyewe ilikuwa ya pili. Ya kwanza mpishi aliimwaga sufuria nzima, kisa ilikuwa na chumvi ya kawaida.

Mwanzoni mumewe alifurahia kutendewa kama balozi. Siku iliyofuata alianza kukunja uso. Alimuuliza mkewe kama amewaambia kazi yake. Mke akaapa kwa watoto wao wote kwamba hajafungua kinywa. Mume akaenda kuikagua soksi, akaikuta na fundo lake.

"Basi kuna kitu umefanya," alisema.

Mkewe alikumbuka kidole, akanywa maji. Na hata hivyo kilichomuuma kidogo, ambacho hakumwambia mtu, ni kwamba tangu wafike soksi haikuwa imelia hata mara moja.

Alasiri hiyo walikuwa wameazimia kutembea hadi kwenye maporomoko ya maji. Mume alishuka kumsubiri mkewe kwenye ngazi za mbele. Mke alikuwa anavaa viatu mlango ulipobishwa, Shangazi akaingia na kuufunga nyuma yake kwa mgongo.

"Mama," alisema, "naomba uniandikie vizuri."

"Nikuandikie nini?"

"Ripoti. Nimebakiza miezi michache nistaafu. Usinitoe kwa aibu."

Mama Kona alimkalisha, na Shangazi akamwaga yote. Kila mtu hapo alikwisha kujua kwamba mgeni huyu ni mkaguzi, ametumwa na wenye hoteli, amevaa ugeni ili awanase. Nani hajui kwamba wakaguzi huja hivyo? Kwa miaka yote aliyosukuma toroli hajaona mgeni anayejitandikia kitanda. Na hata angetokea mmoja, basi asingekunja kona namna ile, wala asingegeuza foronya, na kile kidole juu ya fremu, jamani, kile kidole. Meneja halali usingizi. Mpishi anaongea na sufuria. Yeye Shangazi magoti yamemvimba kwa kupanda na kushuka na mataulo ambayo hayajaguswa na mtu.

Mama Kona alimwambia ukweli: ni mgeni tu, yuko likizo, amekuja kupumzika na mumewe.

Shangazi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mkaguzi naye angesema hivyo hivyo."

Maneno hayo Mama Kona aliyatambua. Yeye mwenyewe huwafundisha wafanyakazi wapya kila mwaka: mkimwona mgeni anajua sana mambo ya chumba, halafu anadai yuko likizo, shikeni adabu, huyo ndiye.

Mlango ukafunguka taratibu. Mumewe, aliyechoka kusubiri, alikuwa amesimama pale, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia vya kutosha. Mkewe akayaona macho yale yale ya siku ya kufunga mizigo.

"Kumbe ni wewe," mumewe alisema.

"Ni mikono," mkewe alijibu kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa nimepumzika."

Shangazi alivua miwani, akaisafisha, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe mume akavuta kiti, akaketi mbele ya Shangazi kwa heshima zote, na kumuuliza mgeni wa kweli hukiachaje chumba.

Shangazi alimtupia jicho Mama Kona, akaona hakatazwi, akaanza kidogo kidogo. Mgeni wa kweli hutupa taulo sakafuni, tena palipo na maji. Hula karanga kitandani na kulalia maganda. Huacha nywele kwenye beseni. Kiatu kimoja utakikuta chini ya kitanda na kingine bafuni, na hakuna ajuaye jinsi vilivyoachana. Kadiri alivyoendelea sauti ilimpanda, akawa anahesabu kwa vidole, na Mama Kona, bila kutaka, akawa anaitikia kila kosa kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu zake.

Mume akamgeukia. "Umesikia somo. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwenye maporomoko, utakiacha chumba hiki kama mgeni. Ukishindwa, nampigia kaka leo leo aanze kujiandaa kwa mwakani."

Mkewe aliona wakati wa silaha umefika. "Sawa. Na wewe usikanyage breki."

"Breki gani?"

"Hiyo unayoikanyaga sasa hivi."

Mume akautazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umekandamiza zulia. Shangazi akatoa sauti kama ya birika linaloanza kuchemka, akajiziba mdomo kwa taulo safi, akatoka na toroli lake bila kuaga.

Asubuhi ilipofika, mume alimsimamia mkewe kama mwanafunzi wa siku ya kwanza barabarani. Alimwambia aiachie shuka taratibu. Asitazame kioo. Avute pumzi. Mke akachukua taulo, akafumba macho, akaliangusha.

"Hilo limeanguka likiwa limekunjwa," mumewe alisema. "Rudia."

Alirudia mpaka likaanguka vibaya. Alimwaga maganda ya karanga kitandani. Kiatu chake kimoja cha akiba akakitupa bafuni, akaomba radhi, hakujua anamwomba nani. Walipofika mlangoni aligeuka, na mikono yake yote miwili ikanyooka kuelekea kitandani. Mumewe akamshika kiwiko.

"Mbele," alimwambia. "Dereva anatazama mbele."

Walipanda njia ya mlimani mke akikitaja kile kitanda kama mtu anavyomtaja mtoto aliyemwacha kwa majirani wasiojulikana. Je, Shangazi atakung'uta maganda kabla ya kuvua shuka au baada? Je, ataona lile taulo? Kwenye mpindo mmoja lori lilishuka kwa kasi upande wa pili wa bonde, mbali kabisa nao, na mguu wake ukakanyaga majani. Mkewe alisimama akacheka hadi akashika mti. Baada ya hapo njia ikawa kali, pumzi ikawa ya kupandia tu, na maneno yakaisha. Kwenye maporomoko walivua viatu wakatia miguu majini. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kumfanya mtu asahau jina lake. Walipoanza kushuka, jua limeshapanda utosini, ndipo mke alipogundua kwamba tangu kwenye lile lori hakuwa amekumbuka kona ya kitanda chochote, hapa wala kule mjini. Alitaka kumwambia mumewe, akaona akisema wazo la kitanda litarudi.

Chumba walikikuta kimefanywa. Mume alibaki mlangoni. Mke akaingia, akakiona kitanda. Kona moja ilikuwa imekaza vizuri. Ya pili ilikuwa imelegea kama soksi ya mtoto wa shule. Foronya zote mbili zilikuwa zimeelekeza midomo mlangoni, wazi, hazina haya.

Mikono ikainuka. Ikabaki hewani, mbele ya kifua chake, kama ya mtu anayesubiri kupewa mtoto. Kisha Mama Kona akageuka, akajitupa chali katikati ya kitanda kile, na viatu vyake vyenye udongo, karanga zikimwagika kutoka mfukoni, na kabla mumewe hajapata kiti cha kukaa, usingizi ulikuwa umeshamchukua.

Ndani ya usingizi alisikia hodi ndogo, mlango ukifunguliwa kidogo na kurudishwa. Halafu sauti ya Shangazi kwenye korido, ikimwambia mtu, bila shaka meneja:

"Nenda kavue hiyo tai. Mkaguzi gani analala na viatu? Mwanangu yule amechoka tu, kama sisi."

Nyayo zikashuka ngazi zikicheka, toroli likaondoka likilia gurudumu moja. Mama Kona alifumbua jicho. Pale miguuni, ile kona iliyolegea ilikuwa imebakia kuchomekwa kwa ncha tu. Akaisukuma kwa kisigino mpaka ikafunguka yote.

Kwenye kiti karibu na dirisha mumewe naye alikuwa amesinzia, kichwa kimelala begani, na mguu wake wa kulia unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Mkewe aliuona, akanyamaza. Hiyo angeiweka kwa ajili ya likizo ya mwakani.