Robi Harudi Darasa la Kwanza

Mwalimu mkuu Zadock hakumpa Kezia kiti. Alimwambia akiwa amesimama pale pale mlangoni mwa ofisi kwamba binti yake Robi atarudishwa darasa la kwanza, na akishindwa huko pia, basi heri mama amrudishe Kehancha, kwao.

"Kwani hapa Sori si kwao?" Kezia akauliza.

"Mama Robi, usinielewe vibaya. Mtoto hajui kitu. Tangu Januari hajafungua mdomo darasani."

"Nyumbani hanyamazi."

"Basi asomee nyumbani."

"Hatarudi darasa la kwanza," Kezia akasema, akaondoka kabla hajaambiwa aondoke.

Robi alikuwa na miaka minane. Kule Kehancha mwalimu wake alifundisha kwa Kikuria, na Robi alikuwa mtoto wa kuinua mkono kabla swali halijaisha. Kisha baba yake, Maroa, akapata kazi ya kuendesha lori la samaki, familia ikahamia Sori, ufukweni mwa ziwa. Kezia akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Robi akaingia darasa la pili, na kama ilivyokuwa kote kando ya ziwa, watoto wadogo walifundishwa kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Hesabu kwa Dholuo, hadithi za Biblia kwa Dholuo. Hata akichapwa, alichapwa kwa Dholuo, bila kujua kosa lake.

Jioni hiyo mwalimu wa darasa lake, Madam Dolphine, alifika barazani.

"Sikuja kushonewa nguo," akasema.

Kezia aliendelea kukanyaga cherehani. "Umekuja kuniambia mtoto wangu ni mjinga?"

"Nimekuja kwa sababu sijui nifanye nini. Nina watoto sabini, na lugha yake sina hata neno moja."

Mguu wa Kezia ukatulia. Alikuwa amejiandaa kugombana, na maneno makali yalikuwa bado mdomoni.

"Ungekuja Januari."

"Ni kweli."

"Na fimbo?"

Dolphine alitazama vidole vyake vyenye chaki. "Fimbo nimeacha."

"Basi keti."

Wakakubaliana. Dolphine akitoka shuleni angepitia pale, aseme kesho atafundisha nini, naye Kezia amweleze Robi kwa Kikuria kabla hajalisikia somo lenyewe darasani. Lakini Dholuo ya Kezia mwenyewe ilikuwa ya sokoni, ya salamu na bei. Hakuridhika. Asubuhi moja alibeba kigoda chake, akaingia darasa la pili, akaketi nyuma kabisa. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Zadock alisikia kelele, akaja.

"Mama, hii ni shule."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Wazazi hukaa nje."

"Nje sisikii."

"Nimemruhusu mimi, Mwalimu," Dolphine akasema, chaki mkononi.

Zadock aligeuka, akaenda zake. Baadaye, mbele ya walimu wenzake, alimwambia Dolphine kwamba akizidi atamwombea uhamisho hadi Magunga, akafundishe wanyama wa mbuga ya Ruma. Dolphine akajibu kwamba wanyama nao watataka mwalimu anayejua lugha yao.

Aliyeumia zaidi ni Robi. "Mama, usije tena," alilia wakienda nyumbani. "Wananicheka."

"Wacha wacheke. Wakichoka watanyamaza."

"Hawachoki!"

Kezia akamfuta machozi. Kesho yake alienda tena, na moyo ukimuuma.

Robi aliendelea kukaa kimya, siku baada ya siku, hadi somo moja la asubuhi. Dolphine alikuwa anafundisha juu ya maji. Akasema neno la Dholuo, "pi", darasa likaitikia. Kisha akamgeukia Robi, akasema neno la Kikuria alilofundishwa barazani. Alilikosea vibaya. Robi akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika. Dolphine akajaribu tena, akaharibu zaidi.

"Hapana, Madam!" Robi aliruka akasimama. Akalitamka lenyewe, wazi, kwa sauti iliyofika hadi dirishani.

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Nifundishe," Dolphine akasema. Robi akalisema tena, na mwalimu akarudia nyuma yake, mara mbili, mpaka Robi akakubali kwa kichwa.

Tangu siku hiyo alianza kujibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Dholuo iliyovunjikavunjika. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka hakung'ara. Hesabu alipata nusu ya alama, kusoma chini ya hapo. Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wameketi kwenye nyasi, Zadock alitangaza watakaorudia. Darasa la kwanza hakulitaja tena. Alisema Robi atarudia la pili.

Kezia akasimama. "Hatarudia."

"Keti, mama."

"Nimeketi mwaka mzima. Mtoto amepita wenzake wengi ambao hujawataja. Sema basi kosa lake ni nini, watu wote wasikie."

Kwenye benchi la walimu Dolphine naye akainuka. "Darasa la tatu mwakani nitalifundisha mimi. Robi atakuja kwangu."

"Nani ameamua?"

"Mwalimu wake na mama yake."

Wazazi wakanong'onezana, mmoja akapiga makofi peke yake. Zadock alikohoa, akataja jina lililofuata.

Januari shule ilipofunguliwa, Robi alikwenda moja kwa moja darasa la tatu, akaketi. Zadock aliingia, akasimama mbele ya dawati lake.

"Nyingi ng'a?" akamuuliza jina lake kwa Dholuo, ingawa alilijua vizuri.

Robi akasimama. "Nyinga Robi." Lafudhi ya Kikuria ilijaa katika maneno hayo mawili, na hakujaribu kuificha.

Zadock alingoja ainamishe macho. Hakuinamisha. Mwishowe mwalimu mkuu akamwambia Dolphine jambo fulani kuhusu paa linalovuja, akatoka.

Robi akaketi, kisha akamwambia jirani yake, kwa Dholuo, asogee kidogo, amemkalia nafasi.