Sura ya Nne ya Mwalimu

Dokta alifungua bahasha akakuta maoni yake yamesahihishwa. Si tasnifu iliyosahihishwa, la. Maoni yake yeye, msimamizi. Pale alipoandika "dai hili halina chanzo," Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu na kujibu pembeni: "Chanzo ni mimi. Nilikuwepo." Chini kabisa alikuwa amempa alama kumi na mbili kati ya ishirini, na neno la kumtia moyo: "Ongeza bidii."

"Ee Mungu, nipe subira," Dokta alisema kwa sauti, peke yake ofisini.

Huyu mwanafunzi aliyekuwa akimtoa jasho ndiye aliyemfundisha yeye kuandika, enzi hizo akiwa binti mwoga wa kukaa safu ya nyuma. Mwalimu alikuwa amezeekea katika chuo kile kile cha ualimu alikomfundisha, na hakuna aliyewahi kumlalamikia ila kwa ukali wake. Kisha wizara ikatoa sera: kila mhadhiri wa chuo awe na shahada ya uzamivu, na asiye nayo aondoke darasani, apangiwe kazi za ofisini. Waliotunga sera hiyo, kama kawaida yao, hawakujiuliza nani angefundisha wakati wahadhiri wote wamejazana maktaba. Mwalimu alijiuliza, tena akaamua kuliuliza swali hilo ndani ya tasnifu yenyewe: sera ya uzamivu imevifanyia nini vyuo? Mada nzuri, hilo Dokta alilikubali. Balaa ni kwamba Mwalimu alikuwa na jibu kabla ya kuanza utafiti, na jibu lenyewe lilikuwa na matusi ndani yake.

Alasiri hiyo mzee akaja mwenyewe, kalamu nyekundu mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeona nilivyokurekebisha?"

"Mwalimu, msimamizi ni mimi."

"Ndiyo maana nataka uwe msimamizi mzuri."

Dokta alivuta pumzi. "Sura ya nne. Umehoji wahadhiri wa vyuo vizima, halafu umeandika 'wote wamechoka.' Wote akina nani? Walisema nini? Majedwali yako wapi?"

"Mtu aliyechoka humwoni usoni mpaka umchoree jedwali?"

"Mimi namwona! Watahini hawamwoni!" Sauti ilimpanda mpaka katibu wa idara akachungulia mlangoni, akajirudia zake. "Muhula ukiisha hujawasilisha, wanakutoa darasani. Unanisikia? Wanakupa meza na muhuri, ugonge mihuri hadi ustaafu."

"Basi watakuwa wamethibitisha hoja yangu," Mwalimu alisema, na akatabasamu, yule mzee, akatabasamu kabisa.

Nyumbani mumewe hakumsaidia. "Kwani anayesoma ni yeye, au ni wewe umerudi shule?" aliuliza, akacheka peke yake.

Jumamosi mume akawapeleka watoto kwa shangazi yao. Dokta akamwaga mahojiano ya Mwalimu juu ya meza ya chakula, akijiambia atanyoosha jedwali moja tu. Kazi ya uwandani ilikuwa safi ajabu: maswali makali, majibu yaliyonukuliwa neno kwa neno. Uandishi ndio uliokuwa vita. Akanyoosha jedwali la kwanza, la pili likamvuta, na kufikia jioni alikuwa ameiandika sura nzima. Angemkamata mwanafunzi mwingine na kazi ya namna hiyo angemfukuzisha chuo, na alilijua hilo kila aliponyanyua kikombe cha chai. Akamtumia mzee na kijineno: "Nimenyoosha kidogo tu."

Kisha akangoja kimbunga. Kusema kweli alikitamani. Atanipa sifuri, alijiambia, atanifokea kama zamani, halafu atakaa chini kwa hasira aandike yake. Mpango haukuwa mbaya. Lakini siku zikapita, simu kimya.

Akamfuata chuoni kwake, akijiambia anafuata sahihi yake tu. Katika chumba cha walimu meza zilikuwa nyingi na vumbi juu yake lilikuwa zaidi. Wenyewe walikuwa masomoni, wakitafuta uzamivu. Mwalimu alimkabidhi ile sura kwa mikono miwili. Ukurasa wa mbele, chini ya maneno ya kiapo kwamba kazi hii ni yake mwenyewe, alikuwa ametia sahihi.

"Umeisoma, Mwalimu?"

"Nimeipitia."

"Jedwali la pili unakubaliana nalo?"

"Kama wewe umelikubali, limekubalika."

"Hakuna hata kimoja ulichosahihisha?"

"Nisahihishe nini tena, Dokta? Nimechoka. Wanataka karatasi, tuwape karatasi, nibaki na wanafunzi wangu."

Dokta alitaka kumshika mabega amtikise. Gomba, Mwalimu! Niite mwizi! Lakini alikuwa amekuja kufuata sahihi, na sahihi ameipata, basi akasema asante, na aibu ikamshika hadi masikioni. Mzee akajibu kuwa yeye ndiye wa kushukuru, akachukua chaki zake, akaenda kwenye kipindi chake chumba cha pili.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Dokta alikuwa akiingiza karatasi mkobani aliposikia kijana akisoma insha yake darasani. Ilikuwa insha laini, ya mtu mzima aliyezoea kuhutubia, yenye "kwa kuzingatia mustakabali wa taifa letu" na mengine ambayo hakuna kijana wa umri ule aliyewahi kuyatamka kwa hiari yake. Wenzake walikuwa wakibana vicheko. Walijua imetoka mahali, na walijua kinachofuata kwa Mwalimu huyu. Dokta naye aliacha zipu ya mkoba katikati, akajikuta amekaza mabega kama yuko safu ya nyuma.

Kijana akamaliza.

"Vizuri," Mwalimu alisema. "Kaa. Anayefuata."

Hakuna aliyecheka. Dokta alibaki amesimama katikati ya zile meza, akamsikia mwanafunzi mwingine akisogeza kiti na kuanza kusoma.