Anselme Tavernay Aitwa Uwanjani

Jumanne ile Zélie Pautrat alipanda ngazi za ofisi ya gazeti mbiombio, sura ya themanini na saba ikiwa ndani ya koti lake na wino wenyewe haujakauka vizuri. Chini, wapanga herufi walikuwa wakimsubiri tangu asubuhi. Kapteni Roch, shujaa wa hadithi ya gazetini, alikuwa amening'inia kwenye ukingo wa daraja kwa siku tatu, na watu wa Paris subira hawana. Wauza samaki walikuwa wakigombana juu ya Kapteni Roch, makarani walikuwa wakimwekea dau, na kule mtaa wa Mouffetard mwanamke mmoja alikuwa amemwashia mshumaa kanisani. Hadithi ile iliandikwa na Anselme Tavernay. Na huyo Anselme Tavernay, usimwambie mtu, alikuwa ni Zélie.

Miaka sita sasa. Zamani, alipofiwa na mume, alipeleka hadithi yake ya kwanza kwa mchapishaji kwa jina lake mwenyewe, ikarudi bila hata uzi wa kifurushi kufunguliwa, na kijibarua juu yake kikimshauri aandike namna ya kupika jemu. Zélie alilia siku moja. Siku ya pili akabadilisha jina la juu, karatasi ni zilezile, mchapishaji ni yuleyule, na kabla ya wiki kwisha akaletewa barua ya "Mheshimiwa Bwana Tavernay". Haya, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Bwana Mauduit, mhariri, alimjua kama binamu wa mwandishi, mjane mpole wa kofia nyeusi ambaye huleta karatasi kwa sababu Anselme ana mguu mbovu na hapendi watu. Mguu ule Zélie aliubuni siku moja kwa haraka, kisha ikambidi aulee kama mtoto: mara umevimba, mara umepata nafuu, mara umeharibiwa na baridi. Mauduit alikuwa akiutumia salamu kila mwezi.

Sasa alipoingia alimkuta Mauduit amesimama na mabwana wawili wenye kofia ndefu na glavu za kijivu, na nyuso za msibani. Zélie aliwatambua kwa kazi yao kabla hawajafungua mdomo. Paris ya wakati ule, mabwana wawili wa namna hiyo hawaji kunywa kahawa. Huja kumwita mtu uwanjani, akapigane kwa silaha na aliyemkosea heshima.

Walikuwa wametumwa na Gontran Lespinasse, mhakiki na mtunzi wa michezo ya jukwaani. Jumapili iliyopita Anselme alikuwa ameandika kwamba katika mchezo mpya wa Lespinasse hata maiti wa sehemu ya tatu alionekana akipiga miayo. Mji mzima ulicheka. Lespinasse hakucheka. Alitaka radhi au risasi, na Mauduit, kwa furaha ya mhariri aliyeona magazeti yake yakinyakuliwa barabarani, alikuwa amekwisha kumkubalia kwa niaba ya mwandishi wake. Alhamisi, saa moja asubuhi, msitu wa Meudon, bastola, hatua ishirini na tano.

Zélie akaanza kusema kwamba binamu yake, yaani ule mguu, wiki hii hasa hawezi hata kusimama.

"Bastola haihitaji mtu akimbie, Bibi Pautrat," alisema Mauduit. "Aegemee mti."

"Na akiomba radhi?"

"Amwombe radhi Lespinasse? Afadhali afe." Kisha Mauduit akashusha sauti, na hapo hakuwa na mzaha. "Mwambie hivi. Asipotokea, magazeti yote ya Paris yataandika kwamba Tavernay ni mwoga, na la kwanza kuandika litakuwa langu. Sichapishi waoga. Hadithi itakatika papo hapo ilipofika, na sidhani kama yuko atakayeipokea ile kalamu yake tena."

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na ya Zélie ilikuwa imefika kwenye msitu wa Meudon.

Nyumbani alimweleza Bi Goudard, mlinda mlango wa jumba lao, mama wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa akipokea barua za Anselme na kuzificha ndani ya sufuria. Bi Goudard alisikiliza akiwa anamenya vitunguu. Alikuwa na dawa tatu, na zote alizitoa kwa mkupuo. Ya kwanza, Anselme afe kwa homa kesho. Zélie akasema akifa yeye hadithi nayo inakufa. Ya pili, Anselme akimbilie Ubelgiji. Akikimbia ndiyo mwoga kabisa. Ya tatu, Bi Goudard alikuwa na mpwa wake mchinjaji, jitu zima lenye masharubu, ambaye kwa nyama choma na chupa mbili angekubali kuwa Anselme hadi adhuhuri.

"Apigwe risasi kwa sentensi niliyoandika mimi?"

"Ana mafuta mengi, mwanangu. Haitafika mbali."

Zélie alicheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko kile akajua atakalofanya. Hofu ilikuwapo, sikufichi, lakini chini ya hofu palikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyekaa miaka sita nyuma ya pazia akawasikia wengine wakishangilia. Alimwambia Bi Goudard kwamba Anselme Tavernay atafika Meudon kwa wakati. Bi Goudard alimtazama, akaweka kisu chini, akasema kama ni hivyo naye anakwenda, na asijaribu kubishana naye.

Alhamisi nyasi zilikuwa zimelowa na ukungu haujainuka. Mauduit alikuwapo na mwandishi wake mmoja wa habari za michezo, wao ndio mashahidi wa Anselme. Wale mabwana wa glavu walikuwapo. Daktari mzee alikuwa ameketi juu ya kisiki na mkoba wake magotini. Lespinasse alisimama peke yake, amefunga vifungo vya koti jeusi mpaka kidevuni ili weupe wa shati usimpe adui shabaha. Zélie alishuka kwenye gari la farasi naye akiwa na nguo yake nyeusi ya ujane, iliyofungwa mpaka kidevuni vilevile. Bi Goudard akabaki kwenye ngazi ya gari, mikono kiunoni.

Mauduit alimjia upesi akiangalia nyuma yake. Alitaka kujua Anselme yuko wapi.

"Amefika," alisema Zélie.

"Wapi? Simwoni."

"Mimi ndiye."

Lespinasse akacheka, kicheko kirefu cha kujilazimisha. Akawaambia mashahidi wake kwamba ameona waoga wengi, lakini mwoga wa kumsukuma mjane mbele yake ni wa kwanza. Kalamu ya Tavernay aliijua yeye, alikwisha kuandika juu yake: ilikuwa kalamu ya mwanajeshi, inanuka tumbaku na tandiko la farasi. Mwanamke haandiki vile hata azaliwe mara mbili.

Damu ilimchemka Zélie. Alikuwa amejiandaa kwa bastola, hakuwa amejiandaa kunyang'anywa kurasa elfu mbili kwa sentensi moja. Akageuka kwa mwenye umri kuliko wote pale, yule daktari, akamuuliza kama anaisoma ile hadithi. Daktari akakiri, kwa aibu kidogo, kwamba anaisoma kabla ya kwenda kwa wagonjwa. Jana ameisoma mpaka Kapteni Roch alipovutwa juu ya daraja na mkono asiojua ni wa nani.

"Basi nikwambie ni wa nani," alisema Zélie.

Akaanza. Sura ya themanini na nane haikuwa imechapwa, haikuwa hata imeandikwa. Ilikuwa kichwani mwake tu. Aliisimulia pale kwenye nyasi, bila karatasi, sauti kwanza ikitetemeka, kisha ikapata njia. Daktari aliondoka kwenye kisiki. Bwana mmoja wa glavu akasogea hatua moja, kisha mwenzake. Yule mwandishi wa habari za michezo alikuwa ameshika sanduku la bastola, akaliweka chini ili asikie vizuri. Kapteni Roch akafuata alama za damu mpaka kwenye kinu kibovu cha upepo, akapanda, akasikia mtu akimwita kwa jina alilopewa na mama yake, ufunguo ukageuka, mlango ukaanza kufunguka, na Zélie akanyamaza.

"Halafu?" daktari akauliza.

"Kesho."

Mauduit alivua kofia. Uso ulimpauka. "Ni yeye," alisema. "Miaka sita najua anapokatia. Hakuna mwingine mwenye ukatili wa kukata hapo."

Zélie hakungoja wazoee. Alimwendea Lespinasse, akamwambia kwamba alichokiandika kuhusu mchezo wake amekiandika, radhi haombi, na apewe bastola yake, maana baridi ni kali. Wala hakuwa anatania. Wale mabwana wa glavu walitazamana. Walikuwa wanajua sheria zote za uwanjani, nani asimame wapi, jua liwe upande gani, lakini hili halikuwamo. Kumpiga risasi mwanamke haiwezekani. Kuondoka nako haiwezekani, kwa kuwa aliyeitwa amefika. Na lililo baya kuliko yote, ilikuwa lazima mashahidi waandike taarifa, isainiwe na magazeti yaichape, kama ilivyo ada. Waandike nini?

Lespinasse aliliona hilo kabla yao. Yale maneno yake ya tumbaku na tandiko la farasi yalimrudia, na jasho likamtoka katika ile baridi. Akamvuta Zélie pembeni na kusema naye kwa heshima kubwa. Mashahidi ni watu wa siri. Taarifa iseme kwamba Bwana Tavernay alikuja, alisimama kishujaa, na yeye Lespinasse akaridhika na kumpa mkono. Hakuna atakayejua, leo wala milele. Tavernay atabaki na jina lake, sasa likiwa na sifa ya ushujaa juu yake.

Hicho ndicho Zélie alichokuwa amekiomba kwa Mungu siku mbili nzima. Nyuma yake Mauduit alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa nguvu: kubali, kubali. Akapewa kalamu na karatasi aiandike yeye ile taarifa, mashahidi watie saini, daktari akamshikia mkoba uwe meza.

"Hutajuta, Bibi," alisema Lespinasse akifuta uso. "Tukubaliane au tusikubaliane, Tavernay ni mwandishi mkubwa. Ingekuwa hasara kumpoteza mtu kama yule."

Maskini, alikusudia kumfurahisha. Lakini Zélie alisikia kitu kikimchoma, na alipokitazama akaona ni wivu. Alikuwa anamwonea wivu Anselme. Barua zote zile zilikuwa zake. Mshumaa wa Mouffetard ulikuwa wake. Hata sasa, baada ya kusimama mbele ya mtu huyu na kumsimulia kwa mdomo wake, sifa bado zilikuwa zinampita kando kumwendea bwana mwenye mguu mbovu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Akaandika. Taarifa ilikuwa fupi: Bwana Gontran Lespinasse alimwita uwanjani mwandishi wa jina la Anselme Tavernay. Mwandishi alifika saa moja kasorobo, akaomba bastola yake. Risasi haikupigwa, kwa hiari ya Bwana Lespinasse. Chini yake mkono, kwa mazoea ya miaka sita, ukachora A. Zélie aliitazama ile herufi. Akaikata, mistari miwili, na mbele yake akaandika Zélie Pautrat, kubwa, mpaka wino ukaruka kwenye mkoba wa daktari.

Bi Goudard ndiye aliyepiga makofi, peke yake, kule garini. Lespinasse aliondoka bila kuaga. Mashahidi wake walitia saini kwa sababu kila neno lilikuwa kweli, na bwana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima kweli mlango ule wa kinu ungoje mpaka kesho.

Mauduit alisoma karatasi mara mbili. Alimwambia Zélie kwamba amemuua yeye mhariri wake, kwamba wasomaji watakimbia, kwamba wauza samaki wataandamana. Kisha akatoa saa yake mfukoni, akaitazama, na Zélie akaona masharubu yake yakianza kucheza. Wakiondoka sasa hivi, alisema, taarifa itawahi toleo la mchana.

Walibanana watatu ndani ya gari, farasi wakakimbizwa. Walipofika mtoni Mauduit aliuliza, kwa unyenyekevu ambao hajawahi kumwonyesha yule binamu kwa miaka yote sita, sura ya kesho aiweke chini ya jina gani. Machozi na kicheko vilimjia Zélie pamoja, akamwonyesha tu kwa kidole pale chini ya karatasi. Mauduit akalisoma lile jina kwa sauti, taratibu, akauliza kama amelitamka sawasawa.