Breki za Asili

Jumamosi asubuhi, baada ya kumpa mama yake uji wa oti, Darlene Stroup alifungua gereji, akaliinua gari mbele kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi za chuma. Mama yake, Bi Opal, alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango, bakuli mapajani, akikata ncha za maharage mabichi. Gari lilikuwa la mwaka sabini, la milango miwili, zambarau iliyofifia. Injini yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukiiwasha vikombe vya jikoni vinatetemeka. Magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za ngoma, ndogo, kama za gari la kusambazia maziwa.

Lilikuwa gari la Wendell, kaka yake Darlene. Lilimuua mwaka uleule aliolinunua, kwenye kilima cha Machimbo, akiwa na miaka kumi na tisa. Baba yao alilivuta nyumbani kwa trekta, akawa analinyoosha pua taratibu kila baridi ikipungua, mpaka naye akafa. Darlene alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Alipostaafu, akasema sasa ni zamu yake.

Juu ya kilima cha Machimbo, pale barabara inapoanza kuinama, kulikuwa na bango la bati: HAPA WENDELL STROUP ALIKIMBIZA GARI. WEWE PUNGUZA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Zawadi kwa mji wetu kutoka Fenske Magari. Bwana Gaylord Fenske ndiye aliyemuuzia Wendell lile gari. Bango alilisimamisha kabla majani hayajaota kaburini. Kila mtoto wa mji huo wa Ohio anayejifunza udereva hupelekwa akalisome. Na kila masika Bi Opal hupanda kilima na ndoo na kitambaa, akaliosha, kwa sababu jina ni la mwanawe na hapendi likae na vumbi. Alikuwa ametimiza miaka tisini na moja. Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: bango lishuke.

Darlene alifungua nati, akaligonga kwa nyundo lile pande la chuma linalobeba gurudumu la mbele, ambalo mafundi huliita spindeli. Ilikuwa imeshikwa na kutu. Akagonga tena. Spindeli ya kushoto ikaanguka sakafuni, na Wendell akaingia kwa mlango wa pembeni, akipangusa viatu kwenye mkeka.

"Funga mlango, nzi wanaingia," alisema Bi Opal.

Wendell akafunga. Alikuwa na miaka kumi na tisa vilevile. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, mkavu kama mpini, unyayo umesukumwa kwa nguvu, hivyo ilimbidi atembee upandeupande. Kwapani alikuwa na boksi la mayai.

"Mayai uliyonituma, mama."

"Umechelewa."

"Breki, mama."

"Haya, weka hapo."

Bi Opal alilifungua boksi. Hakuna yai lililokuwa na ufa. Wendell akajishusha polepole juu ya ndoo iliyofudikizwa, mguu ukiwa mbele yake, akamtazama Darlene.

"Na huyu bibi ni nani?"

"Darlene."

"Acha utani. Darlene ana miaka tisa, hana meno ya mbele."

"Yaliota. Mengine yameshang'oka tena."

"Lo! Umezeeka vibaya, mtoto."

"Na wewe hilo shati hujalifua tangu mimi niko darasa la tatu."

Bi Opal akaweka kisu chini. "Niambie, na dada yako asikie. Ulikuwa unakimbiza?"

"Na mayai kitini, mama? Nilikuwa maili thelathini na tano kwa saa. Kilima kirefu kile, nikawa nakanyaga breki kidogo kidogo. Ngoma zikapata moto. Zikipata moto zinatanuka, viatu vya breki, vile vyuma vinavyozibana kwa ndani, vinazifuata mpaka havizifikii. Nikakanyaga. Nikakanyaga tena. Nikauona ukuta wa kinu cha kusagia nafaka, kule chini ya kilima." Akaugusa mguu wake. "Bado nakanyaga."

"Niliwaambia," alisema Bi Opal. "Niliwaambia watu wa mji kwamba mwanangu nilimtuma mayai. Wakanipa leso." Akarudi kwenye maharage yake.

Spindeli za kubadilishia Darlene alizitoa kwenye uwanja wa magari mabovu. Zilitoka kwenye gari la kampuni ileile, lililoundwa miaka michache tu baadaye. Lilikuwa gari pana, zito na la pole, la mzee wa kanisa, ambalo hakuna mtu aliyewahi kushindana nalo. Hilo mbele lilikuwa na breki za diski, ambazo hata zikipata moto bado zinashika. Darlene aliinua spindeli, akaipandisha mahali pake, akachungulia matundu. Yalilingana, la juu na la chini. Hakutoboa kitu, hakukata kitu. Ikaingia kama iliyokuwa inasubiriwa.

Darlene akarusha spana ukutani.

"Nini tena?" aliuliza Bi Opal.

"Matundu, mama! Yanalingana! Miaka yote hii nilidhani labda haiwezekani, labda chuma kilikuwa hakikubali. Kumbe ni kufungua nati na kukaza nati!"

"Diski zilikuwepo hata siku ile," alisema Wendell. "Nilimuuliza Bwana Fenske. Akasema hizo ni nyongeza, mpaka ziagizwe. Akanipiga bega: 'Kijana, unanunua gari la kwenda au la kusimama?' Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka."

"Ukacheka?"

"Ningefanyaje? Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Bado unayo," alisema Darlene, akaenda kuiokota spana.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga ndani, mwingine analegeza nati kule gurudumuni. Siku nyingine Darlene angemwita jirani. Safari hii Wendell aliingia garini.

"Pampu," alisema Darlene kutoka chini.

Wendell alipampu kwa kuuinua mguu kwa mikono miwili kila mara, kama anayeinua gogo.

"Shikilia."

"Hapo ndipo ninapopajua," alisema Wendell.

Mafuta ya breki yakatoka na mapovu, kisha yakatoka bila mapovu. Darlene akakaza, akaosha mikono, akamsaidia mama yake kupanda kiti cha nyuma na kikombe chake cha kahawa. Wendell akaendesha. Juu ya kilima alipunguza, akalisoma bango kwa sauti mpaka chini, pamoja na herufi ndogo.

"Wamepaka rangi nzuri," alisema.

Wakateremka kwa mwendo ule wa siku ile, akikanyaga kidogo kidogo. Ukuta wa kinu ulikuwa palepale, na kwenye mawe yake rangi ya zambarau haijatoka. Wendell akakanyaga. Gari likasimama. Kahawa ya Bi Opal haikumwagika. Wendell alibaki ameshika usukani, na mguu wake wa kulia ukajikunja gotini. Akaunyoosha, akaukunja tena.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," alisema.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani kwenye uwanja wa kanisa. Majaji wa maonyesho hayo huvaa glovu nyeupe na kupitisha vioo vyenye mipini chini ya magari. Gari hupata alama kwa kila kitu kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Kuna watu huchora upya hata mistari ya chaki ambayo wafanyakazi wa kiwanda waliichora wakihesabu vyuma. Jaji mkuu alikuwa Bwana Fenske. Yeye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama barabarani, na mabango yote ni ya kamati. Kwa hiyo Bi Opal alimpelekea saladi ya viazi na mayai, apate kumwomba bango lishuke.

"Mayai matamu haya, Bi Opal," alisema Bwana Fenske. "Ya kienyeji?"

"Ni yale aliyokuwa nayo Wendell garini."

"Ahaa." Akaongeza kijiko kingine.

"Mtu anayekimbiza gari hawezi kubeba mayai kitini, Bwana Fenske. Na mayai mazima hayo, unayala. Na mwenyewe yule pale, muulize."

Bwana Fenske akageuka. Wendell alikuwa amekaa juu ya boksi la barafu, amepandisha mguu juu ya mguu.

"Wendell! Hujabadilika."

"Habari za siku nyingi, Bwana Fenske."

"Nzuri. Sasa sikiliza, kijana. Lile bango si lako wewe. Ni mfano. Watoto wanahitaji mfano."

"Mfano wa nini?" aliuliza Darlene.

"Wa mwendo kasi."

"Hakuwa na mwendo kasi!"

"Sijasema alikuwa nao. Nimesema ni mfano. Tukiandika breki, watu wataanza kuuliza breki za nani." Akajifuta mdomo, akavaa glovu, akapitisha kioo chake chini ya gari la zambarau. "Ee, Darlene. Spindeli si zake hizi. Diski si za asili. Hapa nakata alama."

"Za asili zilimuua kaka yangu."

"Sibishi. Lakini zilikuwa za asili. Za zamani umezitunza?"

"Ziko rafuni."

"Basi zirudishie, mwakani mje tena." Akatabasamu kwa wema kabisa. Darlene aliikunja ngumi ndani ya mfuko wa suruali, akaiacha humo.

Kombe lilikwenda kwa mjukuu wake Bwana Fenske, msichana mmoja aitwaye Brenna, mwenye gari kama lile, la mwaka uleule, ila la kijani. Babu yake alipiga magoti kwenye majani awaonyeshe watu ngoma za mbele na alama ya chaki, palepale mfanyakazi angeiweka. Watu walipiga picha ile chaki.

Nyumba ya Brenna iko chini ya kilima cha Machimbo. Darlene aliliona gari la kijani likigeuka kuelekea huko, akalikimbilia, akainama dirishani.

"Binti, usipite Machimbo. Zungukia njia ya reli, nakuomba."

"Usiwe na wasiwasi, bibi," alisema Brenna kwa heshima. "Mimi si kama yule Wendell. Mimi naenda pole. Bango nimelisoma tangu niko mdogo."

Wendell alilisikia hilo kutoka kwenye boksi la barafu. Akanyanyuka. Alizunguka upande wa pili wa gari la kijani, akaingia bila kufungua mlango. Brenna akahamisha kombe lake kiti cha nyuma ampishe. Wendell akakaa, na mguu wake wa kulia ukanyooka polepole mbele yake, unyayo ukasukuma sakafu. Wakaondoka.

Baada ya muda simu ya Bwana Fenske ikalia. Akasikiliza, akacheka, akachukua kipaza sauti.

"Mjukuu wangu amefika chini ya Machimbo, amesimama pua karibu kabisa na ukuta wa kinu," aliwatangazia watu. "Anasema breki za asili zinashika vizuri, haoni tofauti yoyote!"

Uwanja ukapiga makofi.

Bi Opal alitazama lile boksi la barafu. "Bado anakanyaga. Harudi leo," alisema.

"Harudi, mama."

"Magari kama lile yako mangapi hapa mjini?"

Darlene aliuzungushia macho uwanja mzima, akahesabu mpaka vidole vya mikono miwili vikaisha.

"Basi nipeleke kilimani," alisema Bi Opal. "Lete ndoo. Wakipunguza, atakanyaga kidogo."

Darlene alimpeleka kwa gari la zambarau. Akaegesha kando ya barabara, akamshikia mama yake kiwiko. Bi Opal alilowesha kitambaa, akasugua bango kutoka juu kwenda chini, jina kwanza, kisha maneno mengine yote, kisha hata zile herufi ndogo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Magari yaliyotoka kwenye maonyesho yalikuwa yanapita moja moja, yakipunguza mwendo. Wenye magari waliwapungia mikono. Bango lilitakata, likasomeka tangu mbali.