Meli Ilipomwacha Delyth Vigo

Asubuhi ya pili baada ya kuondoka Lisbon, Delyth Probert alitandika kitanda mwenyewe, akafuta kioo cha bafuni kwa taulo, akazipanga chupa za sabuni na manukato kwa kimo, kisha akasimama katikati ya chumba hana la kufanya. Nuno, mhudumu wa chumba chao, alipobisha hodi na kukuta kila kitu kimenyooka, alijikuna kichwa.

"Mama, mbona unaninyang'anya tonge mdomoni? Wakubwa wangu wataniuliza nalipwa kwa lipi."

"Niwie radhi, Nuno. Mikono imezoea."

"Basi na izoee kushika glasi."

Emrys, mumewe, alicheka kutoka roshani, miguu juu ya kiti, kofia usoni. Yeye hakuhitaji kufundishwa. Marisca ilikuwa meli ndogo ya kitajiri, abiria hawafiki mia, ukikohoa tu unaletewa maji ya limau yenye asali. Emrys aliyapokea hayo yote kama mtu aliyezaliwa humo. Kila alipomwona mkewe akipita alimwita, "Njoo ukae, Del," naye Delyth akaja, akakaa, na kabla kiti hakijapata joto alikuwa keshainuka.

Si kwamba hakutaka kupumzika. Alikuwa amemuuguza Olwen, mama yake Emrys, miaka kumi na mmoja katika chumba cha chini cha nyumba yao huko Llandeilo. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza ubavu. Olwen alikuwa na kengele ndogo ya shaba kando ya kitanda, na hakuwa mchoyo wa kuipiga. Februari kengele ikanyamaza. Baada ya mazishi kila mtu alimwambia Delyth apumzike: kasisi, daktari, jirani aliyeleta keki. Hakuna aliyemwambia kupumzika kunaanzia wapi. Ndipo Emrys akamwekea mbele safari hii, kutoka Lisbon kupanda na pwani yote mpaka Portsmouth, akasema, "Hii ni yako, mpenzi. Umeifanyia kazi."

Neno hilo, kazi, lilimkaa Delyth vibaya, ila alimbusu na kushukuru.

Sasa alikuwa akiizunguka sitaha mpaka mabaharia wakaanza kumsalimu kwa jina. Walipofika Porto alikuwa wa kwanza kushuka na wa kwanza kurudi. Wenzake walirudi wakisifu vigae vya buluu na divai. Yeye alikuwa ameona ngazi tu, na kwenye kila ngazi alijiuliza kiti cha magurudumu kingepandishwaje.

Usiku huo mezani walikaa na mzee mmoja kutoka Yorkshire, Bwana Hartley Ormerod, na binti yake Philippa. Mzee mikono ilikuwa ikimtetemeka. Uma ulifika kwenye samaki, ukakosa, ukarudi tena. Delyth alivumilia kama mtu anayezuia chafya. Halafu hata hakujua ilikuwaje, akaikuta mikono yake iko kwenye sahani ya mzee, imeshamchambua samaki, imetoa miiba, na leso iko kidevuni mwa Bwana Ormerod.

"Bibi," mzee akasema taratibu, "huyu samaki alikuwa wangu."

"Nilitaka tu—"

"Najua ulichotaka," Philippa akadakia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Nyumbani kila mtu anamlisha baba. Tumekuja huku ili ale mwenyewe. Akimwaga, amemwaga yeye."

Meza ikapoa. Emrys, ambaye hakupenda meza ikipoa, akainua glasi yake. "Msimlaumu mke wangu. Akikosa mgonjwa, huugua yeye!"

Watu walicheka, hata Philippa. Delyth naye alicheka. Lakini chumbani, alipokuwa akivua hereni, maneno yale bado alikuwa nayo.

"Umenifanya kichekesho, Emrys."

"Utani tu, Del. Walikuwa wamenuna, nimewachangamsha." Akazima taa ya upande wake. Emrys alikuwa na kipaji cha usingizi: kichwa kikigusa mto, basi, hata nyumba iungue. Delyth alikuwa akikiheshimu kipaji hicho tangu walipooana. Alilala macho akisikiliza injini.

Kesho yake walikuwa Vigo. Delyth alitoka na kundi la matembezi mpaka sokoni, ambako akina mama wanafungua chaza mbele yako, na mwongozaji alipoanza habari za historia ya chaza, yeye alimwambia Emrys, "Tutaonana melini," akageukia mtaa unaopanda. Emrys mdomo ulikuwa umejaa, alimpungia mkono.

Alipanda. Mitaa ya Vigo haikubembelezi: ukidhani umefika, kona inakuonyesha mlima mwingine. Alipanda kwa hasira, akapumua kwa hasira, akatokea kwenye bustani ya juu kabisa yenye kuta za ngome ya kale, akajitupa kwenye benchi. Ghuba yote ilikuwa chini yake, na majukwaa ya kufugia kome yamepangwa majini, na Marisca gatini, nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni.

Hapo alikaa. Watoto walipita na baiskeli. Saa ya kurudi ilifika akaijua imefika, maana saa aliivaa mkononi.

Meli ikapiga honi.

Mwili wake ulijiinamisha mbele. Miaka yote hiyo mwili huo haukuwahi kuusikia mlio ukauacha upite. Ulijua kuinuka kabla kichwa hakijajua sababu. Safari hii magoti yaligoma. Delyth aliyatazama magoti yake kwa mshangao, kama ya mtu mwingine. Simu ikalia mkobani. Aliitoa, akalisoma jina la Emrys mpaka likajizima. Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Simu nayo tena. Alikuwa na nafasi ya kujibu, alikuwa na nafasi ya kusema nimepotea, nisubirini, na wangemsubiri. Hakujibu. Kamba zikafunguliwa. Marisca ikajitenga na gati polepole, ikageuka, ikaelekea mdomo wa ghuba.

Kwanza alishikwa na hofu, hofu ya kitoto kabisa. Halafu kicheko. Alijiziba mdomo lakini kilipenya vidoleni, na bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alibadilisha njia.

Aliposhuka gatini alimkuta mwanamke mnene mwenye fulana ya njano, amekaa juu ya nguzo ya kufungia kamba, anavuta sigara. Alikuwa Carmiña, wakala wa bandari anayehudumia meli za wageni.

"Probert?"

"Ndiye mimi."

"Shika pasipoti yako. Wakiona mtu hajarudi huniachia mimi." Akamkagua juu mpaka chini. "Haya, niambie niandike nini. Umepotea, umeugua, au umelewa?"

"Nilikuwa kule juu. Niliiona ikiondoka."

"Uliiona?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

Carmiña aliitoa sigara mdomoni. "Ala! Hiyo sijawahi kuipata. Nimeokota Waingereza—"

"Mimi si Mwingereza. Ni wa Wales."

"Nimeokota kila aina, mama, lakini wote huja wanalia. Wewe unakuja umepaka poda." Simu yake ikaita, akaitazama, akamnyooshea. "Mumeo. Ameshaimaliza betri yangu. Mjibu, mimi nimechoka kumbembeleza."

Delyth aliipokea. "Emrys. Niko salama. Kesho nitakuja A Coruña kwa treni."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Umeibiwa?"

"Hapana."

"Sasa imekuwaje, Del?"

"Sikuinuka."

"Hukuinuka vipi?"

"Kesho," akasema, akakata.

Carmiña alimpatia chumba kwa binamu yake, juu ya tanuri la mikate. Nisiwadanganye kwamba alilala fofofo. Aligaragara, akafungua dirisha, akalifunga, akaosha soksi zake kwenye sinki na kuzikamua mpaka zikaomba msamaha. Lakini alfajiri, harufu ya mikate ilipopanda, alishuka, akanunua mkate wa moto, akaula wote njiani kwenda stesheni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Lisbon kuona njaa.

A Coruña, Emrys alikuwa amesimama nje ya lango la bandari, ameshika koti la mkewe mikono miwili, vifungo vya shati vimeachana na matundu yake. Alimkumbatia kwanza, kisha akamgombeza.

"Unajua ulivyonifanya? Nahodha ameniuliza mbele za watu kama tuligombana. Nikamwambia hata kidogo."

"Hapo ndipo ulipokosea."

"Kwa utani ule? Del, kwa utani wa mezani unaachwa na meli?"

"Si utani." Alitaka kunyamaza, maana alikuwa bingwa wa kunyamaza, lakini mwendo wa treni ulikuwa umemlegeza kitu. "Miaka yote ile niliamka mimi. Kengele ikilia, mimi. Mvua, baridi, nina homa, mimi. Wewe ukikoroma. Nikajisemea, masikini, usingizi wake mzito, si kosa lake. Halafu unanipandisha meli, unasema nimeifanyia kazi. Kama kibarua, Emrys."

Aliyasema akitarajia jibu analolijua: kwamba hakusikia, kwamba angejua angesaidia. Alikuwa ameshajiandaa kulikubali, kama alivyolikubali siku zote.

Emrys alilitazama lile koti. "Nilikuwa nasikia," akasema.

"Unasikia nini?"

"Kengele. Si kila siku. Lakini nilikuwa nasikia. Nilikuwa nalala kimya nasubiri uamke." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Niliogopa kumwona mama vile. Kisha ikawa mazoea."

Lori la samaki lilipita, likawarudisha nyuma wote wawili. Delyth alihisi kwamba nyumba yote ya Llandeilo, ngazi zake na ukumbi wake wa baridi, imesogezwa inchi moja, na hakuna kilichokaa mahali pake tena. Angempiga kofi. Mkono ulifika hadi kwenye koti, ukalichukua.

"La Rochelle meli inafika lini?"

"Keshokutwa. Kesho siku nzima ni baharini. Twende ndani, ukaoge, tuzungumze kama—"

"Tutaonana La Rochelle."

"Del! Hiyo ni Ufaransa!"

"Najua Ufaransa iko wapi."

"Basi ngoja nije nawe. Nichukue miwani tu."

"Hapana. Wewe rudi ukale."

Alikwenda zake kituo cha mabasi, na hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atamwona amesimama na vifungo vyake vilivyopishana na atarudi kumfunga.

Ile pwani ya kaskazini aliipita akiwa amebandika paji la uso kwenye kioo. Basi liliingia mijini na kutoka, bahari ikija na kupotea mkono wa kushoto, na hasira yake nayo hivyo hivyo. Kuna mahali alimlaani Emrys kwa sauti, kwa Kiwelshi, hata dereva akamtazama kwenye kioo. Kuna mahali alimwonea huruma, kisha akaikasirikia hiyo huruma yenyewe. Lakini angalau sasa kuhangaika kwake kulikuwa na barabara. Baada ya Gijón bibi mmoja kiti cha jirani alianza kupambana na kifuniko cha chupa ya maji. Delyth aliinuka nusu, akajishika, akamwuliza kwa ishara ya mkono kama anahitaji msaada. Bibi alitikisa kichwa. Akapambana, akakifungua, akanywa. Delyth akaketi. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimtoa jasho.

Alivuka mpaka wa Ufaransa pale Irún, akapanda treni moja na nyingine, akalala akiwa amekaa, mdomo wazi. Alifika La Rochelle viatu vimemchuna visigino, nywele zimesimama, ananuka chakula cha watu.

Marisca ilikuwa imeshafunga gati. Emrys alikuwa chini ya ngazi na mkoba mgongoni, kofia kichwani, viatu vya kutembelea vimekazwa kamba.

"Nimefungasha," akasema, haraka, kabla hajakatizwa. "Mizigo mikubwa itafika Portsmouth yenyewe. Twende kwa basi, kwa miguu, kwa punda, upendavyo. Hata ukikaa kiti cha mbele mimi nikakaa cha nyuma."

Delyth alimtazama na ule mkoba. "Emrys, nina malengelenge. Nataka maji ya moto."

"Hutaki kwenda?"

"Nataka kuoga."

Akampita, akapanda ngazi akichechemea. Emrys akabaki na mkoba wake mgongoni, watu wakimpita, mpaka akaona naye apande.

Jioni meli ilipong'oa nanga walikaa sitahani. Delyth alikuwa ameoga mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, ameacha taulo sakafuni makusudi, na Nuno alipoliokota alimwambia ahsante tu. Hakuwa amemsamehe mumewe, na alimwambia.

"Sijui hasira itaniisha lini. Usiniulize kila asubuhi."

"Sitauliza."

"Na Septemba nitarudi Vigo. Mwezi mzima. Carmiña ameshaniambia chumba kipo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Emrys aliyapokea hayo, akayapeleka macho kwenye minara ya bandari iliyokuwa ikibaki nyuma. Alionekana anatafuta neno kubwa, analikosa.

"Ile mashine ya kufulia," hatimaye akasema. "Inawashwaje?"

Delyth alimwangalia aone kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu wa miaka sitini na minane, aliyepima na kuthamini nusu ya mashamba ya kwao Carmarthen.

"Inuka tutembee," Delyth akamwambia, kwa kuwa kiti kilikuwa kimeanza tena kumchoma. "Nitakueleza mara moja tu, kwa hiyo sikiliza. Kwanza unatenga nyeupe."