Kinyonga wa Bertilla na Mikonge Isiyokuwepo

Bertilla alimkata kinyonga kwa jembe asubuhi moja ya Februari, kwenye kile kipande cha shamba alichobakiwa nacho. Alikuwa anatengeneza ntumba. Unapindua nyasi mbichi pamoja na udongo wake, unazirundika mviringo, unazifunika zioze, halafu juu unapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata unavunja rundo na kumwaga ulezi. Kila mtu Ufipa anajua hivyo, na anajua pia kwamba kwenye nyasi ndefu hakukosi kinyonga, kwa hiyo unatingisha nyasi kwanza ndipo unapiga jembe. Asubuhi hiyo Bertilla alipiga jembe kwanza. Alikuwa anamfikiria shemeji yake.

Kinyonga alipasuka ubavu wa kushoto na kuvunjika mguu wa nyuma. Jicho moja lilimtazama Bertilla, jingine likalitazama jembe.

"Samahani, baba," Bertilla alisema.

Alimweka kwenye kikapu cha mbegu akasimamisha bodaboda. Dereva alichungulia ndani ya kikapu, akageuza uso mbele, na hakugeuka tena mpaka Katandala, hata kwenye zile kona ambazo mtu mwenye akili lazima ageuke.

Suleimani, bwana mifugo wa mtaa, alikuwa anakunja koti lake la mvua.

"Mama, mimi ni wa ng'ombe," alisema, lakini alikuwa ameshaanza kunawa mikono.

Aliufunga mguu na kijiti cha kiberiti. Ubavu akaupaka dawa ya GV mpaka kinyonga akawa zambarau kuanzia begani hadi kiunoni. Akaagiza jua la asubuhi, maji ya kunyunyiza kwenye majani, kwa sababu kinyonga hanywi kwenye bakuli, na inzi wa kutosha.

Wiki hiyo ilikuwa na Jumatano ya Majivu, na kanisani padri naye alitoka amevaa zambarau. Bertilla akampa mgonjwa jina la Paroko.

"Huo ni utovu wa adabu, Mama Jane," alisema Mwanamvua, jirani yake mwenye duka, akicheka kwa sababu paroko hakuwa wa kwao.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikuja pamoja. Huku wanafunga na kule wanafunga, na Paroko peke yake ndiye aliyekuwa anakula mchana kweupe bila kujificha. Mwanamvua alileta dagaa wa Kirando waliopata unyevu kwenye gunia, Bertilla akawaweka kwenye kisahani dirishani, na inzi wakaja kama walioalikwa. Ulimi wa Paroko ulikuwa haujaumia hata kidogo.

"Huyu anafuturu saa nne asubuhi," Mwanamvua alisema akiwa mlangoni. Ndani haingii. Alikuwa anaogopa kinyonga tangu utoto, na alisema kabisa kwamba amechelewa kubadilika.

Suala la rangi lilijitokeza polepole. Bertilla alimweka Paroko kwenye pazia la kijani, akawa mwekundu mwenye maua meupe. Pazia lililokuwepo kabla ya hilo lilikuwa jekundu la maua meupe; Jane, binti yake, alilichukua alipoolewa Mtowisa. Alimweka juu ya ndoo ya bluu, akawa wa njano, na ubavuni akatokeza mstari mweusi, palepale ilipopasukia ndoo ya njano iliyokuwa inakaa hapo kabla. Bertilla aliikumbuka ile ndoo. Ilikuwa ndoo nzuri.

Kisha akamweka kwenye stuli ya Timoth. Timoth alikuwa mume wake, alifariki siku chache kabla ya Krismasi. Kila siku asubuhi alikuwa anakaa kwenye ile stuli kufunga kamba za viatu, amevaa koti lake la kaki. Paroko alitulia, akawa kaki mwili mzima, na kwenye mkono wa mbele kikatokea kiraka cha bluu. Kiraka hicho Bertilla alikishona mwenyewe, kwa kitambaa cha sketi ya shule ya Jane.

"Karibu," Bertilla alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Kuanzia siku hiyo, akimaliza kazi zake, alikuwa anamweka Paroko kwenye stuli na kukaa naye mpaka ugali uive. Alikuwa anamwambia habari za mtaani. Siku nyingine walikaa tu.

Suleimani alipokuja kuangalia mguu aliikuta hali hiyo, akainama, akaitazama kwa makini.

"Hiyo ni ya jeraha," alisema. "Kinyonga mzima anashika rangi ya kilichopo. Huyu ameumia, anashika ya kilichokuwepo. Akipona inaisha."

"Na ng'ombe wanakuwaga hivyo?"

"Ng'ombe hana mambo mengi, mama."

Mwanamvua ndiye aliyewaza habari ya mikonge.

Mambo yalikuwa hivi. Baba mkwe wa Bertilla aliwagawia shamba watoto wake wawili, Timoth huku na Cleophas kule, na katikati akapanda mstari wa mikonge. Timoth alipofariki, Bertilla alikaa ndani kuomboleza kama inavyotakiwa, na msimu wa ntumba ukamkuta humo ndani. Cleophas akasema shamba la marehemu haliwezi kulala. Akakusanya watu, akapika pombe, wakainua ntumba upande wake na sehemu kubwa ya upande wa Bertilla. Mikonge wakaing'oa, ili ntumba zinyooke. Bertilla alitoka nje kushukuru. Alilia hata. Ila hakupeleka pombe, maana mjane wa wiki chache anapika pombe vipi?

Sasa kule ntumba ni za mwenye pombe, yule aliyewanywesha walioziinua. Mwingine hazivunji. Na mwenye kuzivunja ndiye anayemwaga ulezi, na mwenye ulezi anainua ntumba tena, na hivyo hivyo mpaka watu wasahau. Bertilla mwenyewe aliwahi kumwambia mtu maneno hayo, miaka ya nyuma, kwenye ugomvi usiomhusu. Shamba lingine hakuwa nalo. Kipande alichobakiwa nacho hakikutosha kumlisha hata mtu mwenye hamu ndogo.

"Paroko wako si anaonyesha vilivyokuwepo?" Mwanamvua alisema. "Mpeleke akakae kwenye mpaka. Wazee wa baraza waone kwa macho yao."

Bertilla alikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata, akaeleza. Mwenyekiti, mzee Kornel, aliuliza kama kinyonga anaweza kusafiri, akapanga siku. Siku ilipofika kulikuwa na mvua. Ikapangwa nyingine, ukatokea msiba. Ya tatu mwenyekiti alikuwa na mafua.

Huku nyuma Paroko alikuwa anapona. Mfupa uliunga. Ubavu wa kulia ulikuwa wa kwanza kurudi: ukimweka kwenye pazia la kijani, kulia anakuwa kijani, kushoto mwekundu wa maua. Suleimani alifurahi sana.

"Anakwenda vizuri mno, mama. Kabla ya Pasaka atakuwa mzima."

"Vizuri," Bertilla alisema, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake ameshakata tiketi.

Cleophas naye alikuja kumwona mgonjwa. Alileta panzi kwenye kiberiti, wanono, aliowakamata kwenye ntumba. Alipiga goti mbele ya stuli, akakitazama kile kiraka kwa muda.

"Kaka huyo," alisema. "Shemeji, unamtunza vizuri. Asingepata mtu kama wewe angeshakufa."

"Shemeji, lile shamba."

"Hilo tutaongea barazani. Leo nimekuja kumwona mgonjwa." Akampa Paroko panzi mmoja kwa mkono wake, taratibu, na Paroko akala.

Alipoondoka, Mwanamvua alikuja mlangoni.

"Mama Jane, mimi nakwambia kama dada. Punguza inzi. Simwambii mtu amuue. Ila asipone upesi. Baraza likipita, mnenepeshe unavyotaka."

Kesho yake Bertilla hakuweka dagaa dirishani. Paroko alikaa kwenye stuli tangu asubuhi. Jicho moja lilikuwa dirishani, jingine lilimfuata Bertilla kila alipokwenda: jikoni, uani, kwenye kabati. Mchana koti lilianza kupauka. Kaki ikawa kama kaki iliyofuliwa mara nyingi na kuanikwa kwenye jua kali, na kiraka cha bluu kikawa hakieleweki. Timoth naye alipauka hivyohivyo, wiki ile ya mwisho, na siku zile Bertilla hakuwa na cha kumpa kilichokubali kukaa tumboni.

Aliinuka akaweka dagaa. Akaongeza wengine. Akafungua dirisha lote.

"Umefanya nini sasa?" Mwanamvua aliuliza.

"Ana njaa."

"Na wewe mwakani?"

Bertilla alikuwa anawaongoza inzi kwa upande wa khanga.

Baraza lilikwenda shambani siku ambayo Paroko alikuwa ameshavuliwa kijiti. Maharage ya Cleophas yalikuwa yameota vizuri, kila ntumba ina kofia yake ya kijani. Cleophas aliwapokea wazee, akawaamkia mmoja mmoja, akamsaidia Bertilla kuvuka mfereji.

Bertilla alimweka Paroko mahali ulipokuwa mkonge wa kwanza. Paroko alitikisika mbele na nyuma kama kawaida yao, akakamata shina la harage. Ubavu wa kulia ukawa kijani cha maharage. Ubavu wa kushoto ukawa kijivu cha mkonge, na kwenye pembe ya kichwa ikatokea ncha nyeusi ya mwiba. Akamsogeza mbele. Tena mkonge. Akamsogeza. Mkonge. Akamweka nje ya mstari, akawa nyasi tu. Wazee walikuwa wanafuata nyuma, mikono mgongoni, kama watu kwenye Njia ya Msalaba.

Kwenye mkonge mmojawapo kijivu kilikwenda upande.

"Hapo amekosea," alisema mzee mmoja.

"Hapana, hajakosea," Cleophas alisema. "Huo ulikuwa umepinda. Ng'ombe alikuwa anajikuna hapo. Mimi ndiye niliyeung'oa, naukumbuka."

"Kwa hiyo unakubali mpaka ulikuwa hapa?" aliuliza Kornel.

"Nikatae vipi, mzee, na kinyonga yupo hapa?"

Mwanamvua, aliyekuwa amekuja lakini amesimama mbali kidogo na kila jani, alipiga makofi. Alikuwa peke yake.

Kornel alizunguka akaenda kutazama ubavu wa kulia. Akarudi kutazama wa kushoto. Akakohoa, mafua yalikuwa hayajaisha.

"Baraza limeona," alisema. "Upande huu ni wa kilichokuwepo, na upande huu ni wa kilichopo. Hakuna anayebisha. Sisi baraza tunafanya kazi upande wa kilichopo. Hapa pana nini? Pana ntumba. Pombe ya ntumba hizi alileta nani?"

Wazee wote walijua, maana waliinywa.

"Mzee, nilikuwa kwenye msiba," Bertilla alisema.

"Tunajua, mama. Tulikuwepo. Pole sana." Kornel alimaanisha, alivua na kofia. "Sisi kazi yetu ni kupatanisha, na nyinyi naona mmepatana kabisa. Hamgombani. Shemeji yako anakuheshimu. Huyu mnyama naye mtunzeni, ni shahidi mzuri sana."

Wazee walimpongeza Bertilla kwa kazi ya kumtunza. Mmoja aliuliza hiyo GV aliinunua wapi.

Paroko alipona Jumamosi kabla ya Pasaka. Padri alikuwa anajiandaa kuvaa nyeupe. Bertilla alimweka kwenye stuli akasubiri. Kovu la ubavuni lilibaki kaki kidogo, upana wa kifungo cha shati. Kisha nalo likawa rangi ya mbao. Ilikuwa stuli juu ya stuli.

"Haya," Bertilla alisema. Alikaa hapo mpaka ugali ukaungua.

Alimrudisha shambani kwenye kikapu kilekile. Cleophas alikuwa anapalilia.

"Amepona, shemeji?"

"Amepona."

"Mweke hapa penye kivuli. Hapo kuna panzi kibao." Alimwonyesha ntumba iliyostawi kuliko zote, mahali Timoth alipokuwa anapumzika na kibuyu chake cha maji. Bertilla alimweka. Paroko aliyumba mbele na nyuma, akapanda shina, akashika kijani cha maharage mwili mzima, kulia na kushoto. Waliinama wote wawili kumtafuta. Hawakumwona.

"Kweli amepona," alisema Cleophas. Akawageukia vibarua wake. "Jamani, tingisheni kwanza ndipo mpige jembe. Humu kuna mgonjwa wa shemeji."

Vibarua wakaitikia.

Halafu Cleophas akachuma majani ya maharage, yale machanga ya juu, akajaza kikapu mpaka kikafura. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Mboga hiyo, shemeji. Usiende mikono mitupu."

Bertilla akasema asante.

Nyumbani aliyachambua majani akiwa amekaa kwenye stuli, maana sasa ilikuwa wazi. Jani moja lilikuwa na doa dogo la zambarau, kama la GV. Aliliosha, halikutoka, akalikatakata pamoja na mengine.