Amana ya Mashimo

Wanyama wa Himaya ya Bwawa hawakuogopa kufa kama walivyoogopa kulala juu ya ardhi. Kufa, kila kiumbe atakufa. Lakini anayelala juu ya ardhi ni wa Fisi, na Fisi hana matanga. Ndiyo maana Mfalme Kiboko alipotangaza Amana ya Mashimo, nchi nzima ilipiga vigelegele. Kila mnyama angeleta sehemu ya malisho yake kila msimu, na siku yake ikifika angekuta shimo lake limekwisha kuchimbwa, lenye alama yake mlangoni. Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mfalme, akazama tena majini.

Amana alipewa Waziri Ngiri aisimamie. Na ili Waziri naye asimamiwe, maana ile ilikuwa nchi ya sheria, aliteuliwa Mkaguzi Mkuu wa Mashimo, Mheshimiwa Twiga. Sababu iliyotolewa ni kwamba anaona mbali kuliko wote. Kwamba shimo hutazamwa kwa kuinama, na kuinama kwa Twiga ni shughuli, hakuna aliyelitaja hadharani.

Mchimbaji alikuwa Muhanga, mwenye pua ndefu na kucha nene. Kwa miaka tisa alichimba, akaweka alama, akahamia shimo jingine, wala hakuwahi kurudi kutazama. Hilo lilikuwa kosa, na lisifichwe kwa sababu tu alikuwa mpole.

Asubuhi moja mama yake alifariki. Bibi kizee yule alikuwa amelipa misimu yote bila kukosa hata mmoja, na shimo lake mwanawe alilichimba kwa mapenzi, kwenye mteremko, mahali pasipotuama maji. Muhanga alimwomba jirani yake Nungunungu amlinde marehemu, akaenda kulifagia shimo. Alipoingiza pua alikuta joto, na harufu ya maziwa.

"Nani huyo anatuzibia mwanga?" sauti iliuliza kutoka ndani.

Alikuwa Ngiri jike, mpwa wa Waziri, na wanawe wanne.

"Hili ni shimo la mama yangu," alisema Muhanga. "Amefariki leo."

"Pole sana, kaka. Sisi tumepewa na mjomba. Jaribu hilo la pili."

La pili lilikaliwa na shemeji wa Waziri. La tatu, wakwe zake. Muhanga aliuzunguka mteremko mzima, mashimo mia mbili aliyoyachimba kwa kucha zake mwenyewe, na kila alipochungulia alitazamwa na Ngiri. Aliporudi nyumbani, Fisi watatu walikuwa wameketi hatua chache kutoka kwa marehemu. Nungunungu alikuwa amesimamisha miiba yake yote.

"Nitawazuia mpaka jua lizame," alisema Nungunungu. "Baada ya hapo, ndugu yangu, sikuahidi. Nenda kwa Mfalme. Na uniulizie na langu."

Baraza lilikaa kando ya bwawa. Mfalme alikuwa ameacha nje macho na masikio tu, kama desturi ya vikao. Muhanga alieleza yote aliyoyaona. Waziri Ngiri alimsikiliza kwa adabu, hata akajifuta chozi.

"Mtukufu," alisema Waziri, "shimo likikaa tupu hubomoka. Nimeweka watunzaji. Ni kweli ni jamaa zangu, lakini amana ya umma ningemkabidhi nani nisiyemjua?"

"Mkaguzi anasemaje?" Mfalme aliuliza.

Twiga alikohoa kule juu. "Nimekagua kila msimu, Mtukufu. Midomo ya mashimo yote ipo, na ni ya duara."

"Ulitazama ndani?" Muhanga aliuliza.

"Kanuni inataka mashimo yakaguliwe. Haisemi yachunguliwe."

Baraza likacheka kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Muhanga alipandwa na hasira mpaka kucha zikamuuma.

"Basi watoke leo," alisema. "Mama yangu yuko juani na Fisi wamemkalia."

"Kuna kanuni ya saba," alisema Ngiri. "Shimo hudaiwa na mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Waziri. Tuliiweka kuwakinga wanachama na warithi wenye tamaa."

"Mwenyewe amekufa."

"Ndiyo," alisema Ngiri kwa huzuni. "Alichelewa."

Mfalme alikuwa amechoka. "Muhanga, si wewe mchimbaji? Chimba jingine, popote palipo wazi. Baraza limekwisha." Akazama.

Muhanga aliondoka akipatafuta palipo wazi. Mteremko ulikuwa umejaa Ngiri, bondeni ni mwamba mtupu, ng'ambo ni tope. Katika nchi nzima ilibaki ardhi moja laini isiyokaliwa na yeyote: tuta la udongo lililozuia maji ya Mfalme. Alisimama mbele yake kwa muda. Alijua tuta lile lina unene gani. Aliijua pia amri aliyopewa.

Alichimba. Kabla jua halijazama, yeye na Nungunungu walimbeba mama, Fisi wakiwafuata nyuma, wakamlaza ndani na kumfukia. Ndipo Muhanga alipolia kwa sauti, bila aibu.

"Na langu?" Nungunungu aliuliza alipokwisha kulia. Nyuma yake walikuwa wamesimama Swala na Nyumbu mzee, na wengine walikuwa wakija. Habari za mteremko zilikuwa zimewafikia.

"Mnajua nyuma ya udongo huu kuna nini?" Muhanga aliwauliza.

"Tunajua," alisema Nyumbu. "Wewe chimba."

Siku ya tatu mashimo yalikuwa tisa, na kucha za Muhanga zilitoka udongoni zimelowa. Upande wa pili, Twiga alimwarifu Mfalme kwamba, kwa jinsi aonavyo yeye, tuta liko imara. Mfalme alitaka kumpongeza, lakini mgongo wake ulikuwa nje ya maji, umekauka na kuanza kupasuka. Alimtuma Tumbili mbio akamzuie mchimbaji.

Tumbili alimkuta Muhanga kwenye shimo la kumi, pana kuliko yote.

"Mfalme anasema uache," alisema Tumbili akihema. Kisha akalitazama shimo. "Kubwa hivi, la nani?"

"La Mfalme," alisema Muhanga, bila kuinua kichwa. "Hakuchangia hata msimu mmoja, lakini hatutamwacha juu ya ardhi."

Tumbili akageuka kurudi na majibu, na maji yalikuwa yamekwisha kumfika magotini.